Maziwa Yaliyokataa Kuganda

Mdogo wangu mpenzi Sista,

Marahaba. Shikamoo yako ya juzi binti yangu amenifikishia, akaongeza kwamba ulikohoa mara mbili kwenye simu. Kwa hiyo kabla ya yote naomba kujua hali ya kifua chako, na ya magoti, na kama yule jirani wa ghorofa ya juu ameacha kuburuta viti alfajiri. Barua hii ikukute umekaa kwenye kiti chenye mgongo, si kile kigoda chako cha jikoni, maana ni ndefu.

Mimi ni mzima kwa kadiri ya mtu wa umri wangu. Mkono hautetemeki, kama unavyoona, na macho bado yanakubali kusoma maandishi madogo ya chupa za dawa. Binti yangu anakusalimu, ingawa wiki hii mimi na yeye tunaongea ya lazima tu. Fundi Saa, rafiki yangu wa kliniki, naye angekusalimu kama angejua nakuandikia.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Ni kwa sababu nakujua. Kwenye simu ungelia, nami nikikusikia unalia ningesema basi, yamekwisha, kabla sijamaliza kuuliza. Nina swali moja tu, nimeliweka mwisho wa barua, na jibu lake nalihitaji kabla ya Alhamisi ya mwisho wa mwezi huu. Siku hiyo nitakaa mbele ya daktari wa utafiti nimwambie afanye nini na fomu zangu za wiki ishirini na nne: azihifadhi, azitupe zote, au atupe baadhi.

Nianzie mbali kidogo. Wewe umekuwa nesi miaka thelathini na unayajua haya kuliko mimi, lakini nivumilie. Nimestaafu kufundisha baiolojia, ubao haujanitoka kichwani. Nilipoanguka kutoka kwenye ngazi nikibadilisha taa ya maabara, miaka minane iliyopita, uti wa mgongo uliumia pale kiunoni. Miguu ilirudi kazini baada ya mwaka, kwa msaada wa magongo. Kibofu hakikurudi. Darasani nilikuwa nikisema kwamba kibofu ni mfuko wa msuli unaopokea amri kutoka kwenye ubongo kupitia neva: subiri, sasa, tosha. Kwangu mimi amri hazifiki. Mfuko hujaa bila kutoa taarifa, hubana wakati haujatumwa, na ukimwaga haumalizi. Ndiyo maana mara nne kwa siku naingia chooni na mpira wangu mwembamba wa mkojo, naupitisha hadi kwenye kibofu, natoa mkojo, naosha, natoka. Shughuli nzima ni dakika ishirini, wala hazipungui. Zikumbuke hizo dakika ishirini.

Sasa mkojo unaobaki ndani, pamoja na mpira unaoingia na kutoka, ni karamu kwa vijidudu. Mkojo unakuwa kama maji yaliyooshea mchele. Harufu unaijua. Kibofu kinabana ghafla njiani, na kinachotoka hakirudi. Kwa miaka minane nimevaa suruali nyeusi tu, hadi walimu wenzangu wakaanza kunitania kwamba nimeajiriwa na wachimba makaburi.

Na mwaka juzi vijidudu vilipopanda kwenye figo vikaingia kwenye damu, wewe ulikuwepo. Siku kumi na moja ulilala kwenye kiti kando ya kitanda changu, viatu miguuni. Sijasahau. Sitaki udhani barua hii imeandikwa na mtu aliyesahau.

Ndiyo maana nilipoambiwa habari za utafiti, wewe ndiye mtu wa kwanza niliyekupigia. Nilikueleza kama daktari alivyonieleza. Kila tukipata maambukizi tunapewa antibiotiki, na kila tukipewa, vijidudu vinavyobaki vinazidi ukaidi. Kwa hiyo wanataka kujua kama bakteria rafiki, wa jamii ya wale wanaogandisha maziwa, wakimezwa kila siku wanaweza kupunguza usumbufu kwa watu wenye vibofu kama changu. Hakutuahidi kitu. Alisema hajui, ndiyo maana anauliza. Nusu yetu tungepewa kapsuli zenye bakteria hai na nusu kapsuli zenye unga mtupu, na hakuna ambaye angejua kapata ipi, hata yeye mwenyewe. Kila wiki tungejaza fomu: rangi, harufu, kubana, kuvuja, homa. Swali la mwisho lilikuwa: je, wiki hii umemeza antibiotiki yoyote? Na masharti yalikuwa matatu: tusifungue kapsuli, tutaje kila dawa tunayotumia, na mtu akihisi homa aende kliniki siku hiyohiyo.

Unakumbuka ulivyonijibu? Uliniuliza kama nyumba iliyojaa wapangaji wakorofi hutibiwa kwa kuongeza wapangaji. Nikacheka, nikakueleza kwamba wapangaji wema wakijaza vyumba, wakorofi hukosa pa kulala. Kisha ukasema haya Kaka, umeshinda, kama kawaida yako, fanya unavyoona, ila niruhusu nikutumie vitamini za kukupa nguvu. Nilifurahi. Nikaandika kwenye fomu yangu ya kwanza kwamba natumia vitamini ninazotumiwa na dada yangu, nesi mstaafu, na daktari akasema nina bahati.

Vitamini zikaja, chupa nyeupe yenye kifuniko cha rangi ya chungwa, na kila mwezi kifurushi cha kuijaza tena. Ukanionya nisishtuke mkojo ukiwa wa manjano iliyokolea, eti ndivyo zilivyo vitamini. Na kwa kuwa tangu nilipotoka hospitali koo langu linakataa tembe nzima, ingawa kapsuli huteleza, kila asubuhi nikawa naisaga moja kwa kijiko kwenye kisosi na kuinywa na chai.

Huko kliniki ndiko nilikokutana na Fundi Saa. Aligongwa na gari akivuka barabara, sasa yuko kwenye kiti cha magurudumu, na bado anatengeneza saa mbele ya duka la vitambaa. Siku ya kwanza tu aliniuliza kama mimi ndiye yule mzee anayewaeleza wauguzi kazi yao. Akanibatiza Profesa wa Mikojo, na jina likashika kliniki nzima. Yeye husema amefungua saa za kila aina na zote zikanyooka, ila hii moja aliyonayo tumboni imemshinda, inapiga kengele saa inayotaka. Tukawa marafiki. Alhamisi tunakaa benchi moja, tunalinganisha fomu kama wanafunzi wanaoibiana majibu.

Sasa nikiri kosa. Sharti la kutofungua kapsuli lilinishinda mwezi wa kwanza tu. Mtu afundishe baiolojia miaka thelathini na mitano, kisha umpe kapsuli ambayo huenda ina kiumbe hai, umwambie asichungulie! Nilichemsha maziwa, nikayaacha yapoe hadi kuwa vuguvugu, nikamwaga unga wa kapsuli moja kwenye gilasi, nikaifunika na kuiweka kabatini juu ya jiko. Kama ni unga mtupu, maziwa yangebaki maziwa. Kesho yake yalikuwa yameganda vizuri kabisa, kijiko kinasimama. Nikajua nimepewa bakteria hai. Tangu hapo, kila nilipopewa boksi jipya, nilijaribu kapsuli moja kwa kijiko safi, kama mwalimu anayeita majina asubuhi. Wote walikuwa wakiitika. Kulikuwa na gilasi nyingine pia, lakini hiyo nitaisema mahali pake.

Mwezi wa pili mkojo ulianza kutakata. Wa tatu, kubana kulipungua. Wa nne nilifanya jambo ambalo nilikuandikia kurasa tatu juu yake: nilivaa suruali ya kijivu kwenda mkutano wa walimu wastaafu. Saa tatu nzima kwenye kiti cha plastiki, hotuba baada ya hotuba. Niliponyanyuka niligeuka kutazama kiti, kwa mazoea ya miaka minane. Kilikuwa kikavu. Mwenyekiti wetu akauliza kwa sauti kama makaburi yamefungwa siku hiyo, na mimi nikacheka kuliko wote. Barua yako ya kunijibu ninayo. Umeandika kwamba ulifurahi hadi ukatokwa na machozi. Nimeisoma tena jana, na sasa sijui machozi yale yalikuwa ya nini.

Fundi Saa kwa upande wake hakuwa akiona mabadiliko. Mwezi wa tatu alitaka kuacha. Nilimwambia avumilie, nikamwambia anitazame mimi. Akasema sawa, Profesa, nakutazama, lakini suruali yako ikiwa kavu haikaushi yangu.

Wiki ya ishirini na moja nilipewa boksi jipya nikaweka gilasi kama kawaida. Kesho yake maziwa yalikuwa maziwa. Nikadhani bakteria wamekufa, huenda friji ilizimika umeme ulipokatika. Nikachukua kijiko nilichokorogea, nikaona kwenye mkunjo wake kuna vumbi la manjano. Nilikuwa nimetumia kijiko cha vitamini bila kukiosha.

Sista, wewe unajua nilichokifikiria, lakini acha nikieleze, maana nilikieleza kila mwaka mbele ya madarasa. Wenye viwanda vya maziwa hukataa maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano za antibiotiki, kwa sababu maziwa hayo hayagandi. Dawa iliyobaki ndani huwaua bakteria wa kugandisha. Nilisimama pale jikoni nimeshika kijiko, nikijiambia kwamba mimi ni mzee mwenye shaka nyingi. Kisha nikafanya ambacho ningemwambia mwanafunzi afanye. Nikapanga gilasi tatu. Ya kwanza, kapsuli peke yake. Ya pili, kapsuli na vitamini iliyosagwa kutoka kwenye chupa yako. Ya tatu, kapsuli na vitamini niliyoinunua dukani mwenyewe. Kesho yake ya kwanza imeganda. Ya tatu imeganda. Ya pili niliiinamisha, ikamwagika kwenye sinki kama iliyotoka kukamuliwa.

Nilikwenda kwa mwuza dawa wa mtaani kwetu na tembe moja kwenye karatasi. Aliigeuza, akasoma namba iliyochongwa juu yake, akanisogezea kiti kabla hajasema neno. Akaniambia Mwalimu, hii ni antibiotiki, ya dozi ndogo, wanayomeza watu kila siku kuzuia maambukizi. Akauliza nani aliyeniambia ni vitamini. Nikasema nimesahau. Ndivyo nilivyokulinda, mdogo wangu, hata siku ile.

Binti yangu nilimkuta anapiga pasi. Nilimwekea chupa kwenye meza ya pasi nikamwuliza ina nini. Hakuinua macho. Alisema Baba, mimi nilikatazwa, muulize Shangazi. Nikamwambia Shangazi yuko mbali na wewe uko hapa. Ndipo akanieleza yote. Kwamba vifurushi vya mwanzo vilikuwa na vitamini za kweli. Kwamba baadaye vikaanza kuja vidonge vingine, vya manjano vilevile, ndani ya karatasi zake za fedha, navyo ulimwagiza avitoe kimoja kimoja na kuvijaza kwenye ile chupa. Nilimwuliza alikuwa akifanya hivyo wakati gani hata nisimwone, nami siku zote niko nyumbani. Akaanza kulia. Akasema ulimwambia afanye nikiwa chooni na mpira, kwamba dakika ishirini zinatosha.

Hapo ndipo niliposhindwa, Sista. Kunidanganya kwa dawa naweza kujaribu kukuelewa. Uliniona nikitetemeka kitandani siku kumi na moja, ukaapa moyoni kwamba hutaniona hivyo tena. Lakini dakika zile ishirini ni za unyonge wangu. Ndani mle nimekaa nimeinama na mpira mkononi, mtu mzima, na nje ya mlango mwanangu anafungua vidonge kwa maelekezo yako. Mlihesabu kwamba sitaweza kunyanyuka. Mlihesabu sawasawa.

Ungeweza kunikatalia. Ungeweza kumpigia daktari na kumwambia aniondoe, na mimi ningenuna mwezi mmoja, yangekwisha. Badala yake ulinikubalia kwa mdomo, ukanikatalia kwa mikono. Umenifanya nijaze fomu baada ya fomu, kwa mwandiko wangu huu nadhifu, kwenye swali la antibiotiki: hapana, hapana, hapana. Nilikuwa naweka alama hiyo kwa fahari. Na ile suruali ya kijivu sijui tena ilikuwa ya nani. Bakteria wale nilikuwa nawameza asubuhi na kuwaua asubuhi hiyohiyo, kwa chai.

Nilitaka barua iishie hapa, nikiwa mimi ndiye niliyekosewa. Ingekuwa barua safi. Lakini nilikuahidi gilasi nyingine.

Wiki ya sita ya utafiti Fundi Saa aliangusha kapsuli moja chini ya benchi. Nikaiokota, nikamwambia imechafuka, nitaitupa. Sikuitupa. Niliijaribu kwenye maziwa, kwa kijiko kipya, gilasi yangu ikiwa kando yake. Yangu iliganda. Yake haikuganda. Nikajua kwamba rafiki yangu anameza unga mtupu, na nikanyamaza. Nilijiambia nikisema nitaharibu utafiti, na utafiti ni kwa faida ya wengi. Yalikuwa maneno mazuri sana. Kwa maneno hayo nilimwambia mwezi wa tatu avumilie, anitazame mimi.

Na wiki ya ishirini, Jumatatu, alinipigia simu akasema mkojo umekuwa mzito na anasikia baridi. Nilijua sharti, mwenye homa aende siku hiyohiyo. Lakini nilijua pia kwamba wangempa antibiotiki, na fomu zake zingeharibika, naye alikuwa amebakiza mwezi tu. Nikamwambia baridi ni ya hali ya hewa, anywe maji, asubiri Alhamisi. Akasema haya, Profesa akisema nani abishe. Jumatano walimpeleka hospitali hajitambui. Amelala siku tisa.

Amerudi kwenye meza yake ya saa. Jumamosi nilikwenda nikamweleza, tangu kapsuli ya chini ya benchi hadi ile Jumatatu. Alikuwa na kile kioo chake cha fundi jichoni, na hakukitoa. Nilitegemea atanitukana, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Aliniuliza jambo moja tu: ilikuwa tarehe ngapi nilipojua. Nikamtajia. Akafungua droo, akatoa daftari lake la fomu, akahesabu wiki kwa ncha ya bisibisi, akasema kumi na nne. Kisha akasema asante, Mwalimu, akarudi kwenye saa yake. Mwalimu, Sista. Hajawahi kuniita hivyo.

Nikajikokota na magongo yangu hadi nyumbani. Njiani nilimwelewa. Aliyeibiwa siku zake anataka kwanza kujua ni zipi.

Basi swali langu ni hilohilo. Binti yangu hakumbuki mwezi ambao vidonge vya karatasi ya fedha vilianza. Wewe unakumbuka, kwa sababu wewe huandika kila dawa unayompa mgonjwa, na tabia ya wodini haikutoki. Usinieleze kwa nini. Kwa nini nakujua. Usiniombe radhi bado, maana sijui nitajibu nini. Niandikie tarehe. Kama ilikuwa kabla ya mkutano wa walimu, nitamwambia daktari azitupe. Kama ilikuwa baada, kuna wiki chache ambazo zilikuwa zangu.

Vidonge vyako nimeviacha leo siku ya tisa, kapsuli nazo nimeziweka pembeni hadi nimwone daktari. Napima homa asubuhi na jioni, na binti yangu ana namba ya kliniki ukutani, kwa hiyo usiingie kwenye basi uje. Asubuhi hii mkojo ulikuwa umetakata bado. Sijui ni kwa sababu gani, na kwa mara ya kwanza maishani sina maelezo. Nakuandikia nikiwa nimevaa suruali ya kijivu, nimekalia kiti cha mbao, na kila nikimaliza ukurasa nanyanyuka kukitazama.

Msalimie shemeji, na wajukuu wetu wote wa huko, waambie babu yao mkubwa yu hai. Magoti usiyaoshe kwa maji ya baridi. Kifua kikiendelea hadi wiki ijayo nenda ukaonwe na daktari, na akuambie wazi anakupa nini.

Ni mimi kaka yako,
Mwalimu